Jina la Mwenye Mwendo

Jumamosi soko la Ukunda halipitiki. Hasina wa Munje, beseni la mahamri kichwani, alijibanza kwenye kibaraza cha fundi simu kupisha mkokoteni. Hapo aliketi kijana wa shati la kitenge, macho kwenye kompyuta. Ndani ya kioo mwanamke wa katuni, mifupa mitupu, alikuwa akitembea, naye amejitwika beseni. Kijana alivuta mfupa huu, akapinda ule, na bado mwanamke alikwenda kama askari wa gwaride.

Hasina alitazama mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Kaka, huyo atamwaga."

"Amwage nini, dada? Beseni nimeligandisha kichwani."

"Ndiyo maana anatembea uongo. Mwenye mzigo shingo haitikisiki. Kiuno ndicho kinachokwenda."

Kijana, Chande wa Waa, akamtazama yeye, kisha beseni lake. Akanunua mahamri manne, akamsogezea kiti.

Tangu hapo Hasina akishauza, hukaa kibarazani. Chande alimfundisha kwamba kila mfupa hufuata mwenziwe: ukiinua bega, kiganja huja chenyewe. Kiingereza cha kwenye kioo hakikumpa shida. Alikariri mahali pa kila kitufe. Kazi ilikuwa ya hoteli moja ya Galu, katuni fupi ya wanawake wa pwani, na kufikia mwezi wa pili mwendo wote ulikuwa wa mikono ya Hasina. Jioni Chande hupiga simu kuuliza kama mama wa mifupa ameshakula. Naye humjibu kuwa ameshiba, ila baba wa mifupa hasemi atakwenda Munje kujitambulisha lini.

Kisha katuni ikakamilika, Chande akamtumia. Mwishoni palikuwa na jina moja tu. Chande.

Siku nne Hasina hakupokea simu. Ya tano akapokea.

"Mpenzi, meneja aliuliza Hasina amesomea chuo gani. Nikaliacha jina lako, maana nikisema darasa la nane, watatudharau."

"Watatudharau, au watakudharau?"

Chande akajaribu kueleza tena.

"Kesho twende Galu," akasema Hasina.

Alikwenda na leso mpya juu ya buibui, wanja umekaa sawa. Meneja, mama wa makamo, hakuwa amemaliza kuwakaribisha pale Hasina alipoifungua kompyuta ya Chande na kufuta mwendo wote kwenye nakala ya katuni. Mifupa ikasimama wima, mikono imetanuka.

"Mama, mwenye chuo na aje amtembeze."

Hakuna aliyekuja. Akaanza mwenyewe, nyonga, goti, kisigino, na mwanamke akachuchumaa kutua beseni, mgongo umenyooka. Meneja aliinama karibu na kioo.

Chande akasimama. "Mama, nilikudanganya kwa kunyamaza. Mimi nilichora sura na nguo. Mwendo ni wake, na jina lake litangulie."

"Nisipokubali?"

"Basi katuni hamna."

Meneja akawatazama mmoja mmoja. Akachukua kalamu, akamwuliza Hasina jina la baba yake.

"Boga. Hasina Boga."

Nje, Chande aliomba msamaha njia nzima hadi lango la hoteli. Hapo akamwuliza kama angekubali kuolewa naye.

"Barua ya posa ipeleke kwa mama, Munje," alisema Hasina. "Na usiniandike muuza mahamri tu. Andika kazi yangu yote."

"Wazee watauliza ni kazi gani hiyo."

"Na waulize. Nitakuja na kompyuta."