Kuku Wananona, Mkimbiaji Anakonda

Ndunge alikuwa ameshafika barabarani, viatu vya mbio miguuni, mama yake alipotoka jikoni na sahani mkononi.

"Ndunge! Unaenda bila kula?"

"Nimekunywa, Mwaitu!" alimjibu mama yake kwa Kikamba bila kugeuka, akiinua chupa juu. Akaanza kupanda vilima vya Iveti, akapotea kwenye kona.

Munyiva alibaki na sahani yake. Hakuna mama aliyejivunia binti kuliko yeye. Kanisani walimwita Mama Mbio, naye aliitika. Ilibaki miezi miwili tu kufika mashindano ya kaunti, mita elfu kumi. Wawili wa kwanza wangekwenda mashindano ya taifa. Lakini siku hizi Ndunge alirudi kutoka mazoezini akiburuta miguu, mashavu yameingia ndani.

Kwenye ile chupa Ndunge alikoroga unga wa protini alioletewa na Levi, binamu yake anayefanya kazi kwenye jimu ya mazoezi kule Syokimau.

"Aunty, wanariadha wa siku hizi hawabebi muthokoi tumboni," Levi alisema. "Wanakoroga, wanakunywa, wanaenda."

Hata hivyo kila jioni sahani ya Ndunge ilirudi tupu, na Munyiva akafurahi. Kumbe! Asubuhi hiyo alipokwenda kufungulia kuku, aliwakuta wakigombania muthokoi. Mahindi yale yale aliyoyatwanga kwa mikono yake mpaka maganda yakatoka, akayapika na maharagwe! Kuku walikuwa wamenona kama wageni wa harusi.

Kabla hasira haijapoa, Ndunge alirudi akiwa ameshikwa mkono na jirani yao Kalunde, mhudumu wa afya ya jamii. Kalunde alikuwa amemkuta ameketi kando ya barabara na kizunguzungu.

"Niambie ukweli," Munyiva alisema. "Hayo mashindano utakimbia wewe ama ni kuku?"

Ndunge aliinamisha kichwa. "Nilitaka kuwa mwepesi, Mwaitu. Nakunywa unga asubuhi, mchana na jioni."

"Na nini kingine?" Kalunde aliuliza.

"Maji."

Kalunde hakucheka. Aliuchukua mkebe wa unga, akausoma nyuma. "Wameandika wenyewe hapa: usitumie badala ya chakula. Ulisoma?"

"Niliangalia tu picha ya yule mtu wa misuli."

"Sasa sikia. Protini inajenga misuli, ni kweli. Lakini ukikimbia unachoma nguvu, na nguvu nyingi inatoka kwa wanga: mahindi, viazi, ndizi, uji. Huu unga uko na wanga kidogo sana. Umepeleka mawe kwa mjengo, halafu ukawanyima mafundi chakula."

"Kwa hivyo niutupe?"

"Nani amesema utupe? Ukitoka mazoezini na chakula kiko mbali, kunywa kikombe kimoja na ndizi. Lakini ukifika nyumbani, kula. Muthokoi iko na wanga, maharagwe yako na protini. Ongeza kunde na chungwa, na yai likipatikana. Na hicho kizunguzungu tusikibahatishe. Kesho twende hospitali upimwe damu."

Munyiva alisimama wima. "Kumbe muthokoi yangu ni chakula cha wanariadha?"

"Mama Ndunge, tangu jimu haijazaliwa!"

Hospitali walikuta damu imepungua. Daktari alimpa Ndunge vidonge, akamwambia apumzike kwanza, kisha arudie mbio polepole. Ndunge alilia kwa zile siku zinazopotea. Lakini alikula. Wiki ya tano aliupanda mlima wote bila kusimama, na Munyiva akamsikia akiimba akiteremka.

Siku ya mashindano Ndunge alimaliza wa pili. Munyiva alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Kwenye mashindano ya taifa Ndunge alikuwa wa kumi na tisa, na bado anakimbia. Levi bado anauza unga, ila kwanza humuuliza mteja amekula nini. Kalunde bado anazunguka nyumba kwa nyumba. Munyiva hupika muthokoi kila Jumamosi, na wasichana wanne wa mbio hula kwake.