Mngurumo wa Ghorofa ya Pili

Siku ile ilianza vizuri tu. Jua lilikuwa limetoka Meru baada ya wiki nzima ya manyunyu. Kagwiria alifua nepi, akazianika kwenye balkoni, akamfunga mtoto mgongoni na kuanza kumenya viazi vya mchana. Mumewe, Salesio, alikuwa barabarani na pikapu ya miraa kati ya Maua na Nairobi. Kagwiria alikuwa akiimba wimbo wa kwaya, na aliponyamaza kidogo apumue, akausikia tena.

Mmmmm.

Mngurumo ule haukuwa wa masikio, jamani. Ulikuwa mzito, wa chini kabisa, wa kuhisi kwenye meno, kama lori limeegeshwa nje na dereva amesahau kuzima injini. Maji ya viazi yalitetemeka kwenye sufuria. Akienda chumbani, upo. Akiingia bafuni, upo. Akifunga madirisha, ndio kwanza unazidi.

Tangu wahamie ghorofa ya pili ya jengo lile la Makutano, Kagwiria hakuwa amepata usingizi wa maana. Hilo angevumilia. Kilichomkata maini ni mtoto. Muthamia, miezi saba, alikuwa akikonda. Hanyonyi akashiba. Mchana kutwa amelala fofofo, mikono imebaki mifupa, na kila wakimpima kliniki muuguzi anatikisa kichwa asijue ataje ugonjwa gani. Kagwiria akajiambia kwamba ni ule mngurumo unaomla mwanawe, na lazima una mwenyewe.

Mwenyewe, kwa akili yake, alikuwa Wambeti wa ghorofa ya juu. Mjane kutoka Embu, anaishi peke yake, hana hata televisheni. Alishampandia mara ngapi!

"Mama Wambeti, nakuomba, zima hiyo mashine yako. Mtoto wangu anaisha."

"Mashine gani, mwanangu? Mimi ndio nilikuwa nashuka kukuomba wewe. Inatoka kwako. Ukienda sokoni inanyamaza. Ukirudi inaanza."

"Unaniona mjinga, sio?"

"Haki ya Mungu sikudanganyi."

Wakaachana kwa kubamiza milango. Mugambi, keateka anayetunza jengo, akaitwa. Akazima pampu ya maji. Akazima umeme wa jengo lote, friji zikanyamaza, redio zikanyamaza. Mngurumo ukabaki, tena wazi kuliko kwanza. Mugambi akawasha umeme, akashuka ngazi.

Sasa, huko Mikinduri alikozaliwa Kagwiria, mtu akionewa na asiyemjua, zamani alikuwa anapasua nyungu na kumwachia maneno ya laana. Wakristo waliacha mambo hayo kitambo, na Kagwiria ni mwimbaji wa kanisa, anajua vizuri ni dhambi. Lakini mama anayemwona mwanawe akiyeyuka mikononi atachagua nini? Akaenda kwao, akaitoa stoo nyungu ya marehemu nyanya yake, akarudi nayo Meru imefungwa kwa leso. Hakumuuliza mzee yeyote. Angeuliza, wangemkataza.

Jumamosi mchana, wapangaji wakianua nguo, akasimama katikati ya uwanja, Muthamia mgongoni. Akainua nyungu juu ya kichwa.

"Anayenguruma kwenye jengo hili," akasema, "apasuke kama nyungu hii!"

Akaiachia. Paa! Vigae vikaruka hadi kwenye mtaro.

Na mngurumo ukakatika. Hapo hapo. Watu wakatazamana. Mmoja akapiga makofi. Kagwiria akaangua kilio cha furaha, machozi na kamasi, akimshukuru Mungu yule yule aliyemkosea.

Wambeti alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkono mdomoni. Akashuka taratibu. Akamshika Kagwiria mkono.

"Umewatoa watu wako?" akanong'ona.

"Kuwatoa vipi?"

"Hata kwetu ilikuwepo hiyo. Kabla nyungu haijashuka, unawataja wa nyumba yako kwa majina, mmoja mmoja, uwaweke nje ya maneno. Ulimtaja mtoto?"

"Nimtaje wa nini? Mtoto ananguruma?"

Wambeti alikuwa akitazama mgongo wa Kagwiria.

Kagwiria akakumbuka. Jikoni, alikuwa naye mgongoni. Chumbani, naye. Bafuni, naye. Sokoni Gakoromone alikuwa naye, katika zile kelele zote, na ghorofani kukawa kimya. Jengo zima lilikosa usingizi. Muthamia peke yake alilala.

Akafungua leso.

Mtoto alikuwa macho. Halii. Anamtazama tu.

Akaweka sikio kifuani pake. Mmm. Mbali. Mbali sana. Kisha basi.

"Okoteni!" Kagwiria akapiga ukelele. "Nawaomba, okoteni vyote!"

Wapangaji wakapiga magoti. Wakaokota vigae uwanjani, wakachakura mtaro kwa mikono. Wambeti akavipanga kwenye gunia, kimoja kimoja, akavigandisha kwa gundi ya fundi viatu. Nyungu ikasimama. Kikapungua kigae kimoja tu, cha ukubwa wa ukucha. Wakachekecha mchanga mpaka jua likazama. Hakikuonekana.

Jioni ile Muthamia akanyonya. Akanyonya kwa pupa, ziwa la kulia, ziwa la kushoto, mpaka akaachia mwenyewe. Kagwiria akacheka, akamkumbatia. Labda Mungu amesamehe! Akamlaza begani na kumpigapiga mgongo ili acheue, kama mama yeyote.

Mgongo ukalia. Ti. Ti. Ti. Kama mtu anayegonga chungu kitupu kwa kidole.

Mkono ukamganda hewani. Hapo akahisi unyevunyevu kifuani mwake. Mtoto hakuwa amecheua. Akamvua fulana, akamgeuza kwenye mwanga. Ngozi safi, nzima, haina hata mkwaruzo. Lakini leso iliyokuwa kati yao ilikuwa na doa la maziwa, bado lina joto, la ukubwa wa ukucha.

Salesio aliporudi akataka kumpokea mwanawe. Kagwiria akakataa, akarudi nyuma hadi ukutani, amemkumbatia kwa mikono miwili. Doa hutokea kila anaponyonya. Na hadi leo hajamweka chini.