Makabuti ya Batuli

Batuli alikuwa mchuuzi wa nguo kuukuu mjini Tabora. Nyumba yake ilitazamana na njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa misafara. Vita vilikuwa vimekwisha. Aliuza mbuzi wake wawili, akanunua mtumba wa makabuti, yale makoti mazito waliyovua askari. Kipupwe kikipita hajayauza, hana mbuzi, hana mtaji.

Alitaka yaonekane vizuri. Akapitisha fimbo mikononi mwa kila kabuti, akafunga vifungo, akayatundika kumi na mawili kwa safu kando ya njia. Jua lilipozama, upepo ukayajaza. Yakatuna vifua. Yakageuka polepole, yote pamoja, kama yanayotazama njia, na vichwa hayana. Batuli mwenyewe aliogopa, akaingia ndani akatia komeo.

Tangu hapo wanunuzi walipitia ng'ambo ya njia. Jirani yake Mwanahawa alisema hizo ni kafa Ulaya, nguo za wafu. Siku tisa zikapita. Batuli alilia kwa uchungu wa mbuzi wake.

Ndipo akaja Apolinaria, mwalimu wa ushonaji wa mtaani.

"Shoga, unauza nguo au unatundika watu?"

Batuli akamweleza kwamba watu wanaogopa roho za wenyewe.

"Roho sizijui, chawa nawajua. Yaanike juani, kisha pitisha pasi ya moto kwenye mishono, ndiko mayai yao yanakojificha. Halafu tufumue. Kitambaa upande wa ndani bado kipya. Tutaugeuza uwe nje, tukate vikoti vya watoto. Na mtu akiuliza vimetoka wapi, mwambie kweli. Kuficha ndiko kunakoleta hofu."

Wakafumua. Ndani ya kabuti la mwisho, chini ya bitana, palikuwa na jina lililoshonwa kwa uzi mwekundu: MASOLWA KALIUA. Mkasi ukasimama.

"Huyu hakufa Ulaya," Batuli alinong'ona. "Ni wa hapa hapa."

Apolinaria alisema nguo yenye jina haikatwi mpaka mwenyewe atafutwe. Wakapeleka salamu Kaliua kwa garimoshi. Kabuti likatundikwa barazani. Vikoti navyo vilianza kununuliwa, kimoja leo, kimoja kesho kutwa.

Jioni moja Batuli alitoka uani. Barazani hapakuwa na kitu. Kabuti lilikuwa limesimama mlangoni, kola juu, uso hauonekani, mkono mmoja unaning'inia mtupu.

"Nilipiga hodi, mama, hukusikia," kabuti likasema. "Mimi Masolwa. Mkono ulibaki vitani, koti likabaki hospitali. Mimi nimerudi."

Majirani wakajaa. Mwanahawa alimgusa bega, akalikuta la moto kama la mtu yeyote.

Batuli hakutaka malipo. Kesho yake Masolwa alikwenda naye sokoni amelivaa, akimweleza kila aliyeuliza. Vikoti vikaisha kabla ya kipupwe kuisha, na mbuzi wawili wakarudi uani. Mtaani kwao nguo kuukuu haziitwi tena kafa Ulaya. Wanaziita kaja mwenyewe.