Mvinyo wa Ng'ambo ya Mto

"Hii soksi ni ya nani?"

Muuza mvinyo aliganda mlangoni. Mchumba wake, msusi mwenye vidole vyepesi na hasira nyepesi zaidi, alikuwa amening'iniza soksi ndefu ya kike yenye doa jekundu. Alikuwa ameitoa kwenye mfuko wa koti la bwana.

"Ya... ya kazini."

"Siku hizi duka la mvinyo linavaa soksi?"

"Mpenzi, nitakueleza harusi ikipita."

"Harusi ipi? Unaniona bwege, eti?"

Baba yake msusi alishatamka mbele ya ukoo mzima: meza yake ikikosa mvinyo mwekundu wa Bonde, ule wa bei kali wanaokunywa wakubwa, yeye haji harusini. Na msusi alishaapa kwamba bila baba haolewi. Mshahara wa muuza mvinyo haukufika Bonde hata kwa kutambaa.

Simu ya bwana ikalia mezani. Msusi akaiwahi. Ujumbe ulitoka kwa "Mteja wa Jumanne":

"Njoo stoo saa kumi. Nina soksi nyingine. Mzee asijue, na binti ndiyo asijue kabisa."

"Binti ndiyo mimi?" Msusi akamsogezea simu usoni.

"Usinielewe vibaya."

"Basi nieleweshe vizuri!"

Jamaa akanyakua simu yake na kutoka mbio. Alichelewa, namba msusi alishaikariri. Akaibonyeza kwenye simu yake amtukane huyo mwizi wa waume, na kabla hajapiga, jina likajitokeza lenyewe.

MAMA.

Akakaa sakafuni. Mama yake mzazi? Na mchumba wake?

Saa kumi alisukuma mlango wa stoo ya duka bila hodi. Mama alikuwa ameketi juu ya kreti, glasi mbili mbele yake, midomo imegeuka zambarau. Muuza mvinyo alisimama mbali kidogo, kwa adabu zote, akimimina kutoka chupa mbili zilizovalishwa soksi hadi shingoni.

"Mama!"

"Weee! Nani kakuleta huku?"

"Unafanya nini na mkweo?"

"Naonja, mwanangu. Soksi inaficha lebo, jicho lisiudanganye ulimi. Chupa moja ya Bonde. Nyingine ya ng'ambo ya mto, vilima vilevile vya mawe, ila havina jina. Ndiyo maana bei yake tunaiweza. Na kila nikionja, naipenda hiyo ya ng'ambo."

"Kwa nini mnajificha?"

Muuza mvinyo aliinamisha kichwa. "Huu wa ng'ambo tungeumimina kwenye majagi yasiyo na lebo. Baba angedhani ni wa Bonde."

Msusi alishusha pumzi. Hawara hakuwepo.

"Kwa hiyo nianze ndoa yangu kwa kumdanganya baba?"

"Niliogopa kukukosa."

"Siri ndiyo ingekukosesha mke, si mvinyo. Chupa zitakaa mezani na lebo zake. Baba akisusa nitalia, lakini nitaolewa."

Siku ya harusi baba alikuja, tena kanuna. Akainua chupa, akasoma lebo, akakunja uso.

"Hii ndiyo nini?"

"Ya ng'ambo ya mto, baba," alisema msusi, macho yamemjaa machozi. "Ya Bonde hatuiwezi."

Mzee akaonja. Akaonja tena, safari hii polepole.

"Kachagua nani?"

"Mimi, baba," alijibu bwana harusi.

"Na mimi!" mama akadakia.

Mzee akamgeukia mkewe, jicho limemtoka. "Wewe? Tangu lini unakunywa mvinyo?"

"Tangu mkweo anifundishe."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee alimtazama mkewe, akamtazama kijana, kisha akaisogeza glasi yake tupu mbele ya bwana harusi.

"Haya mwanangu, mimina. Huyu mama mkwe wako mpe kidogo tu."

Muuza mvinyo akamimina hadi ukingoni. Mzee huyo alikuwa hajawahi kumwita mwanangu.