Jina Juu ya Daftari

Mwalo wa Kibirizi, pale boti za ziwani zinapotia nanga, asubuhi hauna adabu. Wapagazi wanakusukuma, wenye dagaa wanakukanyaga, na ukizubaa unamwagiwa maji ya samaki. Hapo ndipo Merina Yona, fundi cherehani wa mtaa wa Mwanga, alipofuata vitenge vyake kutoka Kongo, kavaa gauni la njano lililomkaa kiunoni sawasawa. Na hapo ndipo kijana aliyebeba mashine ya boti alipompaka oili kutoka begani mpaka kwenye kiwiko.

"Samahani, dada. Nitakufulia."

"Oili hii haitoki."

"Basi nitakununulia jingine."

"Haliuzwi. Nimelishona mwenyewe."

Kijana akaitua mashine, akamtazama vizuri. "Basi jishonee jingine, kitambaa juu yangu. Na nitakuwa napita kila siku kuangalia limefika wapi."

Merina hakutaka kucheka, lakini alicheka. Kijana aliitwa Elikana, mtu wa Bangwe, fundi wa mashine za boti, na alipita kweli kila siku. Gauni lilipokwisha hakuna aliyelikumbuka.

"Fundi wangu, umekula?" alikuwa akipiga simu mchana.

"Nimekula, fundi wangu. Wewe?"

"Sijala, nasubiri kualikwa."

"Mafundi wawili hawakai nyumba moja, watagombania bisibisi."

"Mmoja atashona, mwingine atakaza nati. Nyumba itasimama."

Mwezi wa nane wa mapenzi yao, Elikana alikwenda kusini mwa ziwa kutengeneza mashine, huko ambako mtandao unakuja na kuondoka utakavyo. Huku nyuma Merina alikuwa amekosa siku zake mara mbili. Alitaka amwambie ana kwa ana, aone uso wake. Ila homa ikamshika, akadhani ni malaria, akachemsha mwarobaini kama mama yake alivyokuwa akiwachemshia utotoni. Kesho yake damu ikaanza kutoka.

Alikwenda zahanati peke yake, kwa bajaji, kajifunga khanga mbili. Getini akanunua daftari, maana pale mgonjwa huja na daftari lake, anaandikiwa humo na kurudi nalo nyumbani. Juu yake akaandika Merina Elikana. Mwanamke anayetokwa damu bila mume huulizwa maswali kama mwizi, alilijua hilo. Na tuseme ukweli, jina lile lilimpendeza machoni.

Halikumsaidia kitu.

"Ulikunywa nini?" nesi alimuuliza, mlango uko wazi.

"Mwarobaini. Nilidhani ni malaria."

"Mume wako yuko wapi?"

"Kasafiri. Ni fundi wa boti, Bangwe."

"Nyie ndio wale wale, mwarobaini wa kutolea mimba mnauita wa malaria. Unajua kutoa mimba ni kosa? Nikinyanyua simu hii, polisi wanakukuta hapo hapo kitandani."

Sheria inakataza kutoa mimba, isipokuwa kuokoa uhai wa mama. Lakini haijasema popote kwamba aliyeharibikiwa na mimba afokewe huku anatetemeka. Walimsafisha, wakampa vidonge na kumwambia arudi baada ya wiki mbili. Nesi akaandika: *Mimba imeharibika. Amekiri kunywa mwarobaini. Anashukiwa kutoa.* Merina alitoka akiona kizunguzungu, daftari akalisahau kwenye dirisha la mapokezi.

Mama Skolastika, mwita majina wa dirisha lile, akaliona. Merina Elikana, na mlangoni alikuwa amemsikia akisema mume ni fundi wa boti Bangwe. Na kwenye benchi la chanjo alikaa nani kama si Yusta, dada yake Elikana, na mtoto mgongoni.

"Yusta, mpelekee wifi yako, kasahau," akasema, kwa moyo mweupe kabisa.

Yusta hakujua kama ana wifi. Akalifungua daftari papo hapo.

Siku ya nne simu ikaita. Merina aliirukia.

"Fundi wangu, jamani, nimekutafuta..."

"Merina." Hakumwita fundi. "Nimerudi nyumbani. Yusta kasoma daftari lako mbele ya mama. Ulikunywa mwarobaini?"

"Nilikunywa, lakini..."

"Ulimtoa mwanangu?"

"Unaniuliza mimi, Elikana?"

"Nimuulize nani?"

Merina akakata simu. Akaizima kabisa.

Asubuhi alirudi zahanati. Ukutani palikuwa na bango: Siri yako iko salama kwetu. Alisimama chini ya bango lile saa nzima akimsubiri mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati.

"Daftari ni mali ya mgonjwa," mganga alisema bila kunyanyua uso. "Ukilisahau, sisi hatuhusiki."

"Lakini mmempa mtu mwingine."

Skolastika akadakia, kaumia kweli. "Mwanangu, si wewe uliyesema ni mume wako? Wifi na wifi, kuna siri gani?"

"Na hayo aliyoandika nesi? Sikutoa mimba. Yanafutwaje?"

"Kilichoandikwa kimeandikwa," mganga akasema.

"Na bango lile?"

"Lile lililetwa na wafadhili."

Mtu aende wapi tena? Kwa polisi hawezi, atajipeleka mwenyewe. Kwa akina Yusta hawezi. Alirudi kwenye cherehani yake. Mchana akaja Honorata, mteja wake kwa miaka mitatu, kuchukua kitenge chake ambacho hakijakatwa. "Nitashona siku nyingine, shoga yangu, usijali," akasema, macho pembeni. Merina akamkunjia kitenge vizuri na kumpa. Habari ilikuwa imeshafika Mwanga.

Jumamosi Elikana akaja. Alivaa shati jeupe la kanisani lililopigwa pasi, na daftari kalibana kwapani.

"Nimemnyang'anya Yusta. Tumegombana, hata salamu hatupeani." Akalitua mezani. "Merina, tuoane. Mwezi huu huu. Nikikuoa, maneno yatakwisha."

"Unanioa ili maneno yaishe?"

"Nakuoa kwa sababu nakupenda."

"Kupenda kwako ni kuniuliza nilikunywa nini. Nesi kaniuliza hilo. Dada yako kauliza, mama yako kauliza. Na wewe umepiga simu kuuliza lile lile."

 Nje bajaji zilipigiana honi. Elikana akavuta kigoda cha wateja, akakaa chini ya kimo cha Merina, mikono yake yenye weusi wa oili usiotoka ameilaza magotini.

"Uliumia?" akauliza.

Ndipo Merina akalia. Alimwambia yote: homa, khanga mbili, mlango uliokuwa wazi, jinsi alivyotaka kuuona uso wake atakapoambiwa ni baba. Elikana alilia naye, bila kujificha, na wapita njia wakatazama wakachoka.

Merina alipofuta machozi, akalichukua daftari. Akafungua pasi yake ya mkaa, akachana ukurasa wa kwanza, akautia motoni.

"Si wamesema ni mali ya mgonjwa?" akasema. Akachana wa pili, na jalada.

"Na ndoa?"

"Niulize nikishapona."

Wiki ya pili ilipotimia walikwenda pamoja. Getini Merina alinunua daftari jipya. Dirishani Skolastika alimsalimu kwa kilugha, kachangamka kama hakuna lililotokea.

"Mwakeye, mwanangu. Jina la mume tuandike nani leo?"

"Mwakeye, mama. Andika Merina Yona."

Skolastika akamtazama Elikana. "Baba, ingia naye basi, usikie."

"Akiniita mwenyewe nitaingia," Elikana akasema, akaenda kukaa kwenye benchi.

Merina hakumwita. Alikaa ndani nusu saa, na safari hii mlango aliufunga mwenyewe. Alipotoka, Elikana alisimama, midomo yake ikafunguka kuuliza, kisha akaifunga. Merina alimpa mkoba ambebee. Daftari akabaki nalo mkononi, wakashika njia ya nyumbani.