Mikono ya Tusekile

Tusekile aliangusha kikombe cha uji. Kilimponyoka tu mkononi, kikagonga sakafu ya bwalo, uji ukawarukia miguuni wasichana waliokaa naye benchi moja, nao wakacheka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona mikono ile ikiangusha kitu. Tusekile mwenyewe alicheka, mwanya mdogo wa meno yake ukionekana. Severina peke yake hakucheka. Aliinamia kikombe chake.

Mwaka ulikuwa 1956, katika chuo cha sanaa kilichojengwa mlimani nje ya mji wa Iringa, mahali penye baridi ya kung'ata na ukungu unaochelewa kuondoka. Kilikuwa chuo kidogo chenye jina kubwa. Kilikuwa na ukumbi wa kuchorea wenye madirisha marefu, karakana ya wachonga miti, karakana ya wafinyanzi na tanuri lake la matofali, na bweni la wasichana lililonukia sabuni na moshi wa kuni. Severina, binti wa katekista wa huko huko Uhehe, alikuja akiwa amezoea kuwa wa kwanza. Akapangiwa kitanda kando ya Tusekile, msichana wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambaye mama yake na bibi yake wote walikuwa wafinyanzi.

Udongo ulimtii Tusekile kama mbwa anavyomtii bwana wake. Alikuwa akisimulia habari za nyumbani kwao huku mikono inazunguka, na ukija kutazama, mtungi umeshasimama. Severina alifinyanga kwa jasho na kusali, na vyungu vyake vikapasuka tanurini. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba Tusekile hakuwa na maringo. Alimsaidia kuokota vigae, akamwambia kuwa hata bibi yake alipasua vingi. Laiti angeringa, Severina angepata pa kuushikiza wivu wake. Sasa ulikaa ndani bila jina, ukala na kulala naye.

Mwaka wa mwisho, Bwana Bartholomeo, mwalimu wa ufinyanzi, alianza kuwaandaa kwa kazi. Aliwafundisha kupanga vyombo juu ya meza ya maonyesho, na kumweleza mgeni habari za kazi yako bila kutazama chini. Siku moja akawaambia kwamba karakana mpya ya vyombo ilikuwa inafunguliwa Mbeya, na mkuu wake angekuja kwenye maonyesho kuchagua mfinyanzi. Angechukua mmoja tu. Darasa zima likageuka kumtazama Tusekile. Severina naye aligeuka, akahisi kitu kinamchoma chini ya kifua.

Ndiyo maana, siku moja kabla ya kikombe kile kuanguka, alikwenda shimoni. Udongo wa chuo ulichimbwa bondeni, kwenye shimo la zamani ambalo wanawake wa kijiji waliwaonyesha wanafunzi, wakiwakanya wasiende huko jua likiwa utosini, saa ya mwenye shimo. Severina alikwenda jua likiwa utosini. Hapakuwa na ndege aliyelia. Alipiga magoti, akazamisha mikono mpaka viwiko, akasema kwa sauti ndogo, "Mwenye shimo hili, kama upo, ichukue mikono ya Tusekile, unipe mimi."

Udongo ulimbana vidole, kidogo tu, kama mtu anayepokea salamu.

Baada ya kile kikombe, mambo yalikwenda haraka. Mikono ya Tusekile ilianza kupoa. Ikapauka rangi ya majivu, ngozi ikafanya nyufa kama tope lililokaukia juani, na vidole vikakataa kukunjika. Zahanati ilimpa dawa ya kupaka, haikufaa kitu. Upande wa pili, Severina alikaa mbele ya gurudumu la kufinyangia, na mtungi ukainuka wenyewe kati ya viganja vyake, mwembamba, mrefu, shingo imepinda kwa madaha. Bwana Bartholomeo aliuzunguka mara kadhaa. Severina alifurahi mpaka akaona aibu, lakini furaha ikashinda.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya udi uliochanganyika na udongo mbichi, na pale chuoni hakuna aliyefukiza udi. Ilimtangulia Severina mlangoni na kumfuata kitandani. Wakati wa chakula cha mchana, karakana ikiwa imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa mwalimu, yeye alisikia viganja vikipiga udongo mle ndani, pa, pa, pa, bila kuchoka. Aliwauliza wenzake kama wanasikia. Walimshangaa.

Tusekile hakulalamika. Alikuja karakanani kila siku, akakaa kando ya Severina na mikono yake mibovu mapajani, akawa anamwelekeza: punguza maji, usiharakishe mdomo wa chungu. Hapo ndipo huruma ilipoanza kumwingia Severina. Akawa anamnawisha uso asubuhi, anamsuka nywele, anamlisha. Wakazoeana kama ndugu, na Severina akaanza kufikiri namna ya kurudi shimoni kumwomba mwenye shimo airudishe mikono aliyoichukua.

Lakini yule aliyeitwa shimoni alikuwa na wivu kuliko aliyemwita. Kila Severina alipomshika Tusekile, vidole vyake mwenyewe vilimuuma kama vimebanwa mlangoni. Alipomsuka, mikono ilivuta nywele kwa nguvu asiyoikusudia, mpaka Tusekile akatokwa na machozi.

Jioni moja Severina alibaki karakanani kupanga vyombo vya maonyesho. Aligusa donge la udongo alihamishe tu, na mikono ikaanza kazi, wala hakuiamuru. Ilifinyanga paji la uso, ikafinyanga mashavu, ikaweka macho yaliyofumba na ule mwanya mdogo wa meno, na Severina alipoutambua uso wa Tusekile alitaka kurudi nyuma lakini miguu ilikuwa mizito na harufu ya udi imejaa mpaka machozi yanamtoka, na dole gumba la kulia likaanza kusukuma udongo kwenye tundu la pua la ule uso, polepole, kama mtu anayeziba ufa wa nyumba, likaliziba, likahamia tundu la pili, na kutoka bwenini, ng'ambo ya uwanja, akasikia wasichana wanaliita jina la Tusekile, wanasema hapumui, mleteni nje, hapumui, naye akainama akaliuma dole lake mwenyewe mpaka damu ikamjaa mdomoni, na kwa kipaji cha uso akauponda ule uso wa udongo.

Mikono ikalegea. Huko bwenini Tusekile akavuta pumzi.

Jumamosi, siku wanafunzi waliporuhusiwa kwenda mjini, Severina alimshawishi Tusekile wafuatane kwa Bi Mwanakhamisi, mama mmoja mwenye asili ya pwani aliyejulikana mjini kwa kuwatoa watu mashetani. Hakumwambia sababu. Alisema tu kwamba huenda mikono ikapona.

Walimwamkia, mama akaitikia marahaba, akawakalisha mkekani. Aliitazama mikono ya Tusekile, kisha akamgeukia Severina, akamtazama muda mrefu zaidi. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu," alimwambia Tusekile, naye hakuelewa. Bi Mwanakhamisi alitia ubani kwenye chetezo, akamfunika Severina shuka jeupe, akaanza kusoma.

Moshi ulipomwingia, Severina alisikia sauti nzito, yenye maji maji, ikipanda kutoka tumboni mwake na kutumia mdomo wake.

"Mimi sikuja. Niliitwa."

"Nani kakuita?"

"Aseme mwenyewe."

Bi Mwanakhamisi alimwinamia. "Sema, binti. Ukificha hatoki."

Severina alijaribu kusema kwamba alikuwa akiogopa kushindwa, kwamba baba yake alimtegemea. Kila alipotamka hivyo, vidole vilimkaza koo, vidole vyake mwenyewe. Mwishowe akasema ukweli, chini ya shuka, akijua mwenziwe anasikia. "Nilimwita mimi. Nilimwambia aichukue mikono ya Tusekile. Hata kuwa fundi sikutaka sana. Nilitaka yeye asiwe."

Vidole vikaachia koo. Bi Mwanakhamisi akamwamuru yule jini aondoke, arudi shimoni kwake. Jini akasema shimoni hakuna anayemtaka. Akamwamuru aende mto Ruaha, azame huko. Jini akasema mtoni hakuna anayemtaka.

"Mimi hukaa panaponitaka," alisema.

"Hapa hakuna anayekutaka," alijibu Bi Mwanakhamisi. "Toka."

Ndipo Tusekile aliposema. Tangu aanze kusikia hakuwa amesogea wala kulia, na macho yake hayakubanduka kwenye shuka lile jeupe. Alisema neno moja, kwa upole ule ule aliozoea kumwelekezea mwenzake kazi.

"Njoo."

Bi Mwanakhamisi alimrukia amzibe mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Makaa yalizimika yote kwa pamoja. Severina alijiona mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akavua shuka, na kitu cha kwanza alichokiona ni vidole vya Tusekile vinakunjuka kimoja kimoja, ngozi ya majivu inapukutika mkekani. Bi Mwanakhamisi alikuwa ameegemea ukuta. Aliwaomba waondoke nyumbani kwake, akawakatalia kurudi tena.

Kwenye maonyesho mgeni wa Mbeya hakuhangaika kuchagua. Alifika kwenye meza ya Tusekile, akatulia hapo. Mitungi yake ilikuwa imezidi ile ya zamani kwa mbali, na watu walioigusa walifuta mikono kwenye nguo bila kujua kwa nini.

Siku ya safari Severina alimsindikiza kituo cha basi, kwa sababu aliogopa kutokwenda. Tusekile alimshika mikono yote miwili kumuaga. Akaibonyeza taratibu kwa madole gumba, kiganjani, kwenye kila kiungo cha kidole, kama anavyobonyeza donge kujua limekandwa vya kutosha.

"Bado laini," alisema, akatabasamu. "Nitakuja kuichukua."

Akapanda basi, akakaa dirishani. Abiria walijaa mpaka wengine wakasimama. Mama mmoja mwenye kapu alikiona kiti kitupu kando ya Tusekile, akataka kukaa. Severina, aliyesimama chini ya dirisha, alimwona Tusekile akiweka kiganja juu ya kiti kile na kumtazama mama kwa heshima.

"Samahani, mama," alisema. "Hapa pana mtu."

Mama akanusa udi, akakumbatia kapu lake, akasogea nyuma kabisa ya basi.