Gramu Mia Tatu na Kumi na Tatu

Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, mteja alikitoa kile kichwa cha treni kabatini, akakipimapima kiganjani, kisha akakirudisha kama mtu anayerudisha yai viza dukani. Alikuwa amesafiri saa sita kukifuata. Mjane akamwuliza kama kuna tatizo. Mteja akavuta kiti, akakaa, akamwambia kwa upole wa mtu anayezuia hasira kwamba hiki sicho alichotumiwa picha.

Chenyewe kilikuwa mfano tu, si treni ya kupanda watu. Urefu wake ulikuwa kama wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, cheusi, magurudumu mekundu. Marehemu mume wa mjane, aliyeendesha treni za kweli kwa miaka thelathini na moja, alikiweka kwenye kabati la kioo sebuleni akakataza mtu yeyote kukishika, na hata alipozikwa katazo lake halikuzikwa naye. Kilipanguswa vumbi kwa manyoya pale pale kilipo. Humo ndani hamkuwa na mtu aliyejua uzito wake, na ufunguo wa kabati ulikaa kwenye tundu lake mchana na usiku, maana nani angeiba kitu kisicholiwa wala kuvaliwa.

Mteja alieleza anavyovitambua. Kwanza hugeuza na kutafuta chapa ya kiwanda chini ya tumbo. Pili hutazama ubavuni mwa kibanda cha dereva: cha kweli kilikuwa na namba 4107, tarakimu za shaba zilizoinuka, unazihisi kwa kidole hata ukifumba macho. Tatu, mwili wa cha kweli ni shaba tupu chini ya rangi. Kwenye picha ya mwezi uliopita namba ilionekana. Hiki cha leo kilikuwa cha bati, ubavu mtupu. Cha kweli, kikiwa bado na rangi yake ya kwanza, angekilipia bei ya pikipiki mpya. Kwa hiki, akasema, angetoa bei ya sufuria mbili, tena zilizokwishatumika.

Shemeji wa mjane, mdogo wa marehemu, alifika kabla chai ya mteja haijapoa. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuwahi popote, si kazini si msibani, lakini siku hiyo alikuwa na miguu. Akaitazama sebule mara moja tu, akampata mwizi. Alikuwa binti wa dada wa mjane, aliyekaa hapo miaka miwili akipika, akifua na kupangusa vumbi hilo hilo.

Binti alikuwa aanze chuo cha uuguzi Jumatatu, na chuo kilitaka barua ya polisi ya tabia njema. Shemeji alilijua hilo, ndiyo maana alilitaja. Alisema anampa hadi saa kumi jioni akitoe kichwa alikokificha, la sivyo anakwenda kituoni kumwandikisha, halafu tuone chuo gani kitampokea. Binti akamtazama mama yake mdogo. Mjane akatazama zulia. Kisha akainuka, akaenda chumbani kupekua begi la mtoto wa dada yake, akapekua hadi soksi.

Hapo binti akavuka barabara.

Ng'ambo palikuwa na banda la kununua vyuma chakavu. Mwenye banda walimwita Mama Mizani, mwanamke aliyeishia darasa la saba na kuanzia hapo akawa anasomeshwa na walaghai: waliojaza mchanga kwenye mabomba, waliopaka rangi ya shaba kwenye chuma, walioloweka magunia yazidi uzito. Hakuwachukia. Aliwadharau tu, kama fundi anavyomdharau mshonaji anayeacha nyuzi zinaning'inia. Alimsikiliza binti hadi mwisho, akajifuta mikono, akachukua mizani ndogo anayopimia nyaya za shaba, akaja.

Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Mama Mizani alimwomba mteja asiondoke, akamkalisha binti, akamuuliza swali moja: tangu Jumapili, mama yako mdogo alipoanza kuonyesha watu ile picha, nani na nani wamebaki peke yao na kabati hili?

Binti alijibu kwa mpangilio, kama anayesoma daftari. Jumanne saa kumi jioni alikuja Profesa, yule mwenye duka la saa na kamera kuukuu, ambaye mama mdogo alimwita athaminishe. Hakubaki peke yake hata kidogo, maana binti mwenyewe alikuwa akipiga deki sebule ile na hakutoka. Profesa aliinama mbele ya kabati na kioo chake cha kukuzia, dakika kama ishirini, mkono wa pili nyuma, hakugusa kitu. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akampa mama mdogo, akasema kama anataka kuuza atakinunua yeye ili amwondolee usumbufu. Mama mdogo akakataa kwa kuwa mteja alikwisha kuahidi Alhamisi.

Jumatano asubuhi, mama mdogo akiwa hayupo, alikuja baba mdogo, yaani huyu shemeji, akasema anatafuta hati ya kiwanja. Binti alikuwa nje anaanika nguo. Halafu saa tano akarudi Profesa, amesahau miwani. Akaomba maji ya kunywa. Binti alipotoka jikoni na bilauri, miwani ilikuwa usoni kwake na begi lake jeusi begani, lile lile la Jumanne.

Shemeji akadakia kwamba yeye hakukanyaga sebuleni Jumatano, alipitia mlango wa nyuma, na kwa nini anahojiwa na muuza vyuma. Mama Mizani akaomba ile karatasi.

Mjane aliitoa kwenye pochi, imekunjwa mara nne kama cheti. Aliithamini. Ilipigwa taipu na kugongwa muhuri wa duara, na mjane huyu akiona muhuri wa duara huacha kufikiri. Iliandikwa hivi: *Mfano wa kichwa cha treni, mweusi, mwili wa bati, uzito gramu 313, wa kawaida, usio na soko.* Chini yake bei, ambayo kweli ilikuwa ya sufuria mbili.

Mama Mizani aliisoma mara mbili. Akaweka mizani mezani, akaiwasha, akaomba kile kichwa cha bati. Tarakimu zikacheza kidogo, zikatulia. 313.

"Si inalingana?" shemeji akasema. "Profesa kapima sawasawa. Sasa unatafuta nini?"

"Natafuta simu yako," akasema Mama Mizani.

Shemeji akaipeleka kifuani kama mama mwenye mtoto mchanga. Mama Mizani akamweleza taratibu, maana alimwona ni mtu wa kuelezwa taratibu. Jumatano wageni waliobaki peke yao na kabati ni wawili, yeye na Profesa. Kioo kina alama ya vidole vinne, juu kabisa, vya mtu mrefu aliyejishikiza apige picha, na Profesa kichwa chake hakifiki hata kwenye rafu ya pili. Akiendelea kusema hakuingia sebuleni, basi polisi saa kumi watamsikiliza yeye kwanza. Lakini kama aliingia kwa sababu nyingine, ya aibu tu, si ya jela, huu ndio wakati wake.

Mteja akakohoa. Shemeji akafungua simu. Alikuwa amepiga picha tatu za kichwa cha treni kupitia kioo, Jumatano, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, na simu yenyewe ilikuwa imeandika hivyo. Alitaka kuzituma kwa mtu wake wa mjini, akipata bei nzuri aseme marehemu kaka yake alimwachia. Mjane alipomtazama, shemeji akajifanya anasafisha kioo cha simu kwa shati.

Mteja aliikuza picha kwa vidole viwili. Ubavuni, manjano juu ya weusi: 4107.

Mama Mizani akamtuma shemeji, kwa kuwa sasa alikuwa mtiifu, ampigie Profesa na kumwambia marehemu ameacha pia saa ya mfukoni, ya dhahabu. Profesa alifika saa nane na dakika hamsini, anatweta, na kioo cha kukuzia tayari mkononi.

Hawakumwonyesha saa. Mama Mizani alimkaribisha kiti, akamsifu kwa karatasi yake, akasema sisi tusiosoma tunajifunza kwa watu kama wewe. Profesa akalegea. Watu wa aina yake ukiwasifu wanaacha milango wazi.

"Nimependa hapa kwenye uzito," Mama Mizani akasema. "Mia tatu na kumi na tatu. Ulipima na nini?"

"Na mizani, mama. Utapimaje bila mizani?"

"Hapa?"

Profesa akatazama pembeni, akakuta binti amesimama mlangoni na mikono kifuani.

"Hapa nilikadiria," akasema. "Mtu wa kazi hii mkono wake ni mizani."

"Binti anasema hukukigusa."

"Basi kwa jicho."

"Mimi ninapima vyuma mwaka wa kumi na tisa," Mama Mizani akasema. "Anayekadiria husema mia tatu. Akijidai sana, mia tatu na hamsini. Hiyo kumi na tatu uliitoa kwenye jicho lipi, la kulia au la kushoto?"

Mteja akacheka puani. Profesa akanyoosha mgongo, akatafuta njia nyingine, na kweli alikuwa nayo. Akasema kama kichwa kilichopo kabatini ni cha bati na kina gramu hizo, basi yeye aliandika ukweli, na aliyebadilisha alibadilisha kabla ya Jumanne, na katika nyumba hii si yeye anayeshika ufagio. Alimsogezea binti kidevu alipokuwa akisema hivyo, bila kumtazama.

Mama Mizani akaiweka simu ya shemeji mbele yake. Jumatano, saa tatu na dakika arobaini, 4107.

"Kwa hiyo Jumanne uliandika uzito wa kitu ambacho kilikuwa hakijaingia humu ndani," akasema. "Kilikuwa kwenye begi lako. Ulikipima dukani, ukaandika karatasi dukani, ukagonga na muhuri huko huko. Ulikuja Jumanne kubadilisha, binti akakaa na deki yake. Ukaja Jumatano kunywa maji."

Hivyo ndivyo wataalamu wa namna hii wanavyoanguka. Mwizi wa kawaida angeandika kichwa kimoja cheusi, angepona. Huyu hawezi kuandika uongo bila kuuwekea vipimo, maana vipimo ndivyo vinavyowatisha akina mama. Wewe mwenye kitu cha marehemu ndani, ukimwita mtu wa kukithaminisha, usimwache naye peke yake hata kwa bilauri ya maji, na kila alichoandika muulize alikipataje. Usiogope kuonekana mjinga. Anategemea uogope.

Dukani kwake ni mitaa miwili tu. Walikwenda wote kwa miguu, Profesa katikati, na hakuna aliyemshika kwa sababu alikuwa anatembea mwenyewe kama mbuzi aliyekwisha kuchoka. Kichwa cha kweli kilikuwa chini ya meza ya kuuzia, kimeviringishwa taulo. Mteja alikigeuza, akaipata chapa tumboni, akapitisha kidole kwenye namba. Mama Mizani alikiweka kwenye mizani yake kwa starehe yake tu: mia nne na sitini na mbili. Kwenye gurudumu la mbele Profesa alikwisha kufunga kikaratasi cha bei, na bei ilikuwa ya pikipiki na nusu.

Mjane akamuuliza kwa nini. Alimuuliza kama anayetaka kweli kujua, maana siku ya msiba mtu huyu alikaa mbele.

"Kwa sababu ungekiacha kife pale," Profesa akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kawaida. "Hujui kilitengenezwa wapi. Hujui hata kina nini tumboni, miaka yote hiyo hukukigeuza. Nilikiona kwenye ile picha uliyonionyesha Jumapili, nikasema kitu hiki kwa mwanamke huyu, kweli? Nilijua binti ndiye atakayelaumiwa. Wasichana wa kazi ndio hulaumiwa."

"Huyu si msichana wa kazi," akasema mjane. "Ni mwanangu."

Binti hakugeuka.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Profesa akaanza kusema tuyamalize hapa hapa, kitu kimepatikana, hakuna aliyepoteza. Shemeji akaafiki haraka mno, akasema habari za polisi ni aibu kwa marehemu, na kwamba yeye tangu asubuhi alikuwa na wasiwasi na huyu jamaa. Mjane naye akawa anatikisa kichwa pole pole. Alikwisha kuchoka, mteja alikuwa tayari kulipa, na ingekuwa rahisi. Mama Mizani akamtazama binti.

Binti akasema kituo kiko wazi.

Walikwenda. Askari wa kaunta alikuwa mtu mnene asiye na haraka, alifungua kitabu kikubwa, akaandika jina la mlalamikaji, akaandika mali, akaandika uzito aliotajiwa. Mjane alieleza, mteja akaongeza, shemeji akaongeza kisichohitajika. Mwishowe askari akamwona binti amesimama pembeni ya benchi, akamuuliza yeye ni nani katika jambo hili, shahidi au ndugu.

"Mimi ndiye niliyeitwa mwizi," akasema. "Andika hivyo. Halafu andika kwamba si mimi."

Askari akamtazama mjane, kama anayeomba ruhusa.

"Mwandikie," mjane akasema. "Na andika kwamba nilinyamaza."